Dhoruba ya Luton Yatua Tabata

Mama mkwe wangu hatazami sinema, anasikiliza kesi. Jumamosi aliketi nasi sebuleni kwetu Tabata kuangalia Blinded by the Light, filamu ya 2019 ya Gurinder Chadha, Mhindi aliyezaliwa Nairobi akakulia Uingereza. Javed, kijana wa Kipakistani mjini Luton mwaka 1987, anapewa na rafiki yake Singasinga kaseti za Bruce Springsteen, na tangu hapo hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Mwanangu wa kidato cha nne akawa upande wa Javed. Bibi yake akawa upande wa mzee Malik, baba yake Javed, aliyeachishwa kazi kiwanda cha magari cha Vauxhall. "Mtoto ana kibarua, hela anampa baba yake. Kosa liko wapi?" Mimi jicho langu lilikuwa kwa mama mtu, ameinamia cherehani, anashonea watu nguo ili nyumba isilale njaa. Zile nyimbo za kukimbia barabarani zimezidi chumvi. Chadha anatisha akiwa ndani ya nyumba.

Ikaja dhoruba ya Oktoba 1987, ile iliyong'oa miti milioni 15 kule Uingereza. Javed na Walkman yake anatoka nje, maneno ya wimbo yanajiandika ukutani, upepo unamsukuma huku na huku. Mara giza. LUKU imeisha.

Asubuhi ya siku hiyo mwanangu alipewa elfu ishirini akanunue umeme. "Ulinunua?" mama yake akauliza. Kimya. Bibi akawasha tochi ya simu, mwanga ukatua shingoni mwa mjukuu: hedifoni mpya, nyeusi, kibandiko cha bei hakijabanduliwa.

"Mume wangu," bibi akasema kwa upole uliotutisha sote, "huyo mwimbaji wako anajua kuwasha taa?"

"Bibi, nilitaka kununua kesho."

"Na wali nao uive kesho?"

Jikoni wali ulikuwa na kiini. Nikanunua umeme kwa simu, mkosaji akabonyeza tarakimu 20 kwenye mita huku bibi akimmulika, akakosea, akaanza upya. Taa zilipowaka tuliula wali hivyo hivyo, tukamalizia filamu. Malik alipokwenda kumsikiliza mwanawe shuleni, bibi alijifuta macho kwa ncha ya khanga, akatuambia ni vumbi.

Itazameni na wazee wenu. Ila umeme nendeni mkanunue wenyewe.