Muulize Mjomba Wino: Kalamu Imegoma

Barua zenu zimefika, na zote zinalia kilio kimoja: kuandika kunaanza kwa kishindo, kisha kunakufa kimya kimya. Mmefanya vyema kunijia mimi. Kutoka Shauri Moyo hadi Kayole, hakuna mwandishi anayesomwa kwa moyo kuliko Mjomba wenu. Lile tangazo la mgao wa maji kwenye geti la ploti yetu, linaloanza kwa maneno "WAPANGAJI WOTE", ni kazi ya mkono huu. Watu hulisoma wakitoka, hulisoma wakirudi, na wengine hulisoma kwa sauti huku wakimtukana keateka. Nitajieni mwandishi mwingine wa Kenya anayeamsha hisia hizo kabla ya chai.

*Mjomba, mwezi wa Januari niliapa kuandika makala moja kila wiki. Nilianza vizuri sana. Sasa nangoja mzuka unipande, na haupandi. — Mzuka Umepotea, Umoja Innercore*

Mpwa wangu, mzuka ni wa disko. Niliwahi kuombwa wasifu wa marehemu huku basi la mazishi likinguruma nje na dereva akipiga honi. Sikungoja mzuka. Niliandika nimesimama, nimeegemea buti la gari. Wasifu uliposomwa, waliomdai marehemu walisamehe madeni papo hapo kaburini, na wengine wakaja kuniuliza kama naweza kuwaandikia wao mapema.

Kuna Mwingereza mmoja, Anthony Trollope, ambaye alijitahidi kufuata mtindo wangu ingawa alinitangulia kwa zaidi ya miaka mia moja. Kazi yake ilikuwa posta. Yale masanduku ya barua yanayosimama barabarani ni wazo alilolisukuma yeye. Ya kwanza yaliwekwa kisiwani Jersey mwaka 1852. Basi mtu huyu wa posta, kabla ya kwenda ofisini, alikuwa ameketi mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa. Alimlipa mtumishi mzee pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe. Siku moja alimaliza riwaya ya Doctor Thorne. Siku iliyofuata akaanza The Bertrams. Alipofariki mwaka 1882 alikuwa ameandika riwaya 47. Tawasifu yake ilipotoka mwaka 1883 na kuianika siri hiyo, wengi walichukizwa. Walitaka kuamini kwamba vitabu hushuka kutoka mbinguni, kumbe hutoka kwa mtu wa posta mwenye usingizi machoni.

Dawa yako ni hii: mlipe mlinzi wa geti. Saa kumi na moja alfajiri agonge dirisha kwa rungu, na asiondoke mpaka umsomee sentensi ya kwanza. Isipompendeza, agonge tena. Mlinzi wetu amekuwa mhakiki mkali kwa njia hii. Sentensi ikianza na "Katika ulimwengu wa leo", hagongi dirisha tena. Anagonga mlango, na wapangaji wa orofa ya tatu wanaamka pamoja nami.

Utaniuliza: nitazoea lini? Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliojifunza tabia ndogo ya kila siku, kama kula tunda au kunywa maji au kukimbia kidogo. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010, wastani wa kuzoea ulikuwa siku 66, lakini wepesi walichukua siku 18 na wazito walikadiriwa kuhitaji 254. Jambo la kukufariji ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu safari ya mtu. Ukikosa Jumanne, keti Jumatano bila kujihukumu. Nashangaa tu hawakuniita mimi. Tabia ya kula chakula cha mchana kwa jirani niliizoea siku ile ile ya kwanza.

*Mjomba, naishi chumba kimoja. Jirani wa kushoto ana spika, wa kulia ana watoto, na nyuma kuna kanisa la mabati lenye kesha. Niandikie wapi? — Masikio Yamechoka, Kayole Soweto*

Masikio, kwani unaandika kwa masikio? Mimi kazi zangu nzito nimezifanyia ndani ya matatu. Panda ile ya namba 1960 mjini saa kumi na mbili jioni, kaa dirishani, fungua daftari. Msongamano wa Jogoo Road utakupa muda ambao mwajiri wako hajawahi kukupa. Ukifika Donholm una aya tatu. Ukifika Kayole una hitimisho. Mvua ikinyesha, una riwaya. Ila usijaribu kazi hii kwenye 58 ya Buruburu: michoro, taa na muziki wa gari lile ni sanaa kamili, na wasanii wawili hawakai kiti kimoja.

Tena usinililie habari ya meza. Mwaka 1978, akiwa kizuizini Kamiti, Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za chooni. Karatasi zile zilikuwa ngumu, na ugumu ulioutesa mwili wa mfungwa ukaifaa kalamu. Siku hizi karatasi hiyo ni laini mno, na ndiyo maana fasihi yetu imelegea. Nimekwisha kuwaandikia watengenezaji fulani kulalamika. Hawajajibu, lakini barua yenyewe ilikuwa na mtiririko wa ajabu.

Kama ni lazima upate utulivu, jambo ambalo mimi sijawahi kulihitaji, iko maktaba ya Kaloleni na iko ile ya Eastlands pale Makadara. Zote mbili ni matawi ya McMillan, iliyofunguliwa katikati ya mji mwaka 1931, na zimekarabatiwa na Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017 na wapenda vitabu wawili, mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka. Buruburu nako kuna tawi la maktaba ya taifa. Mlango uko wazi na kiti kipo. Kinachokosekana ni wewe, maana uko kitandani ukitafuta kwenye simu video ya namna ya kupangilia meza ya mwandishi.

Simu hiyo mwachie mama mboga. Mwambie asikurudishie mpaka umwonyeshe ukurasa uliojaa. Hatakuonea huruma, huyo ni mtu anayekumbuka deni la kitunguu la mwaka juzi. Kisha fanya kazi kwa vipande. Francesco Cirillo, alipokuwa mwanafunzi Italia mwishoni mwa miaka ya 1980, alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 za kazi, dakika 5 za kupumua, anarudia. Mimi niliboresha uvumbuzi huo. Nilikwenda Marikiti nikanunua nyanya halisi, nikaiweka mezani. Ilipoanza kulainika nilijua muda umekwisha. Saa ya Mwitaliano haijawahi kutoa kachumbari.

*Mjomba, nimeishiwa. Kila kitu kimeshaandikwa. — Mada Zimeisha, Dandora Phase 4*

Dandora, na mada zimeisha? Mtaa huo huo uliwatoa wanarap wa Kalamashaka, wakasimulia maisha ya mlangoni mwao katika wimbo wa "Tafsiri Hii" mwishoni mwa miaka ya 1990, na nchi nzima ikatega sikio. Hawakusafiri kwenda kutafuta mada. Mada ilikuwa imekaa kwenye ngazi ikila muhogo.

Sikiliza habari ya Wahome Mutahi, mwandishi pekee ambaye niko tayari kumtaja katika aya moja na mimi. Tangu miaka ya 1980 mpaka alipofariki mwezi wa Julai 2003, alikuwa na safu iliyoitwa Whispers, ambayo kwa muda mrefu Wakenya waliisoma katika Sunday Nation. Mwaka 1986 alifungwa wakati wa msako wa kundi la siri la Mwakenya. Alipotoka alirudi kwenye safu, na jela yenyewe ikamzalia kitabu, Jail Bugs. Siri yake ya kutokauka ilikuwa wazi kwa kila aliyesoma: hakuanza upya kila Jumapili. Alikuwa na nyumba moja iliyojaa watu. Mke, Thatcher. Mama, Appepklonia. Binti, Investment. Kijana, Whispers Junior. Wiki ikifika, swali lilikuwa moja tu: nani leo amegombana na nani, na ni kwa sababu ya pesa ya nini?

Nawe tafuta watu wako wanne na bili moja isiyolipwa. Mimi nina keateka, mlinzi, mama mboga na yule jirani wa chakula cha mchana. Wamejiundia chama na sasa wanadai mgao wa mapato yangu. Nimewaambia mapato yakipatikana tutakaa kikao.

Halafu usimalize kila kitu kwa siku moja. Ernest Hemingway alisema alikuwa akiacha kazi akiwa bado anajua kitakachofuata, ili kesho asianze gizani. Nimeitumia mbinu hiyo kwenye tangazo la maji. Niliandika "MAJI YATAFUNGULIWA SAA", nikaweka kalamu chini ili niamke na nguvu. Wapangaji walilala na mitungi mlangoni. Hakuna mwandishi Afrika Mashariki ambaye mwendelezo wake umesubiriwa namna hiyo, na waliokuja kugonga kwangu usiku ule walikuwa wengi kuliko wanaohudhuria uzinduzi wa vitabu vya wengine.

Naona nafasi yangu inaisha na sijagusa habari ya shairi nililoandikia harusi ya binti wa jirani, kwa hiyo nisikilizeni haraka haraka. Chagueni saa moja ya siku, hata iwe nusu saa, na muilinde. Jiwekeeni kiasi kidogo ambacho hata siku ya homa hamwezi kukikwepa. Ukikosa leo, usikose kesho. Rasimu ikiwa mbaya, iache iwe mbaya. Kusafisha ni kazi ya siku nyingine. Na kilichoanzwa kimalizwe kabla ya kuanza kingine.

Isitoshe, mmeona barua zenu hapo juu ni za mistari miwili mitatu. Nilizikata, kwa sababu zilikuwa zinakula nafasi ya habari zangu. Zilipofika, kila moja ilikuwa ya kurasa nne, zimejaa mbele na nyuma. Mliziandika bila mzuka, ndani ya kelele, bila mada. Kwa hiyo mnaweza, na kesi imekwisha. Wiki ijayo nileteeni makala, malalamiko sitayapokea.