Kikao cha Dharura Ndani ya Kasha

(Chumba cha kupanga, Sinza, Dar es Salaam. Kompyuta imezima tena katikati ya GTA V. Kijana mwenye nayo katoka kwenda kuuliza watu.)

MAZABODI: Semeni ukweli kabla hajarudi na bisibisi. Nani kazima?

PAWASAPLAI: Mama, na hilo la kuuliza? Tulikaa humu miaka yote kwa amani. Kaja mgeni, nyumba giza.

KADI: Shikamoo, mama.

MAZABODI: Marahaba. Jieleze.

KADI: Mimi ni RX 580, toleo la 2017. Nilikuwa nachimba Ethereum usiku na mchana. Septemba 2022 Ethereum ikaachana na uchimbaji, tukamwagwa sokoni. Kariakoo nimefika ndani ya boksi la viatu.

PAWASAPLAI: Mmesikia? Wa machimboni! Mapafu vumbi tupu.

MONITA: Na siku ya kwanza alinyima picha. Mimi niliandika “hakuna mawimbi”.

KADI: Kebo ya HDMI ilichomekwa kwa mama, si kwangu. Nikiingia mimi, mama anafunga tundu lake, picha inatokea kwangu.

MAZABODI: Hapo kweli. Nilifunga mimi, na matusi akala yeye.

MONITA: Mimi naandika ninacholetewa. Uchunguzi si idara yangu.

DISKI: Basi itakuwa draiva. Kijana kafuta za zamani, kaweka mpya, haikusaidia. Kapiga Windows upya. Picha za harusi ya dada yake ndiyo zimekwenda hivyo.

MAZABODI: Draiva ikigoma, mara nyingi utaona skrini ya buluu, au picha zinaganda. Huku kuzima ghafla, pu, tena mchezo unapokolea tu, kunanipeleka kwingine. Mheshimiwa Pawasaplai?

PAWASAPLAI: Mimi? Someni kibandiko changu. Wati 500! Rangi ya dhahabu!

FENI: Mzee, mimi naishi tumboni mwako. Chini ya hiyo dhahabu kuna maandishi madogo: volti 12, ampea 16.

DISKI: Kumi na mbili mara kumi na sita... 192.

KADI: Mimi peke yangu, nikikimbia, nakula 185.

PROSESA: Na mimi 84. Samahani, sikujua tunagombea sahani moja.

PAWASAPLAI: Wati zilizobaki ziko upande wa volti 5 na volti 3.3!

MAZABODI: Huko wanalishwa wadogo. Kadi na Prosesa wanakula volti 12. Umeandika bajeti kubwa kwenye fungu ambalo wenye njaa hawachoti.

KADI: Tena hana hata mkia wa pini 8. Kupitia sloti mama anaweza kunipa wati 75, basi. Zilizobaki zipite kwenye mkia huo. Kijana kanunua kebo ya kuungia, kaichomeka kwenye plagi ya SATA.

DISKI: Ya ndugu zangu! Plagi ile kwenye volti 12 inabeba ampea 4.5, sawa na wati 54. Mkia wa pini 8 umepangiwa wati 150. Ndiyo maana plastiki inanuka!

PAWASAPLAI: Hiyo ni harufu ya upya.

KADI: Juzi kijana alinipunguzia posho ya umeme kwenye programu. Kacheza mpaka alfajiri, mashine haikuzima. Alipomaliza kasema, “Kumbe kadi ndiyo mbovu.”

PAWASAPLAI: Kijana mwenye busara.

MAZABODI: Ushahidi wote unakuelekea wewe, mheshimiwa.

PAWASAPLAI: Ushahidi hauna kibandiko, mama.

(Kijana karudi. Kafungua kasha, kapuliza vumbi, kasoma “wati 500”, katikisa kichwa kwa kuridhika. Kang'oa Kadi.)

KADI: Kwaherini. Mwambieni anayekuja apige hesabu ya volti 12 kabla ya kufungua boksi.

(Jioni kaingia mgeni mwingine, RX 5700 XT, mlaji wa wati 225. Huyu anataka plagi mbili: ya pini 8 na ya pini 6. Kijana karudi dukani kununua kebo ya pili ya SATA.)