Heko kwa Foleni ya Printa

Kati ya kazi zote zinazompata fundi wa kompyuta, ni chache zilizotukanwa kama ile ya kuifanya mashine kongwe ichapishe kupitia seva ya mafaili. Aliyekaa mbele ya Windows 98 akiitafuta printa iliyoko chumba cha pili huiita mateso, mwajiri huiita upotevu wa saa, na muuza vifaa husema dawa yake ni kununua kompyuta mpya. Wote watatu hawana shukrani. Sehemu kubwa ya yale tunayojivunia katika ulimwengu wa kompyuta imetokana na mtu aliyetaka tu karatasi yake itoke, akakuta printa ni moja, iko mbali, na wenzake wanaitaka pia. Usumbufu huo ndio uliotulea, na mlezi hatukanwi.

Ushahidi haujifichi. Mwaka 1973, katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California, Robert Metcalfe aliandika waraka wa ndani uliopendekeza Ethernet. Kituo kilikuwa na kompyuta za Alto zilizotarajiwa kuongezeka na printa ya leza iliyobuniwa na Gary Starkweather, ambayo haikuwa kitu cha kumgawia kila mtu yake. Ikabidi itafutwe njia moja ya kuzifikisha zote kwake. Karibu mwaka 1980, katika maabara ya akili bandia ya MIT, printa nyingine ya Xerox ilikuwa ikikwama karatasi mbali na macho ya wanaoisubiri. Printa iliyoitangulia ilikuwa imerekebishwa na Richard Stallman, mtunzi wa programu wa maabara hiyo, iwaarifu walio kwenye foleni kila inapokwama. Kwa hii mpya akanyimwa msimbo wa programu. Kinyongo hicho kilichangia kumfikisha kwenye mradi wa GNU, alioutangaza mwaka 1983, na kwenye leseni ya programu huria iliyofuata. Chini ya leseni hiyo ndipo inapotolewa Samba, programu aliyoianza Andrew Tridgell mjini Canberra, Australia, mwishoni mwa mwaka 1991, ambayo hadi leo huziwezesha Windows za kale kuifikia printa kupitia seva ya Linux. Hasira ya foleni ikazaa dawa ya foleni. Ni wachache kati ya wanaoheshimika zaidi wenye wasifu wa namna hiyo.

Tazama sasa ustadi wenyewe. Programu ya uhasibu ya DOS inajua jambo moja tu: printa iko kwenye tundu la LPT1, nyuma ya kasha. Haijui seva, wala haitaki kuijua. Kwenye mtandao wa NetWare fundi aliandika CAPTURE L=1 Q=LEZA NB NFF TI=10, na kwa mstari huo mmoja programu ikadanganywa kwa hisani: kila ilichotuma LPT1 kilidakwa njiani, kikapelekwa seva, kikawekwa kwenye foleni kama faili, kikangoja zamu. NB ilizuia karatasi ya utangulizi yenye jina la mtumaji, NFF ikazuia karatasi tupu mwishoni, na TI=10 ilimaanisha kwamba programu ikinyamaza sekunde 10, ihesabiwe imemaliza. Ile iliyosita sekunde 11 katikati ya hesabu ilikuta ripoti yake imetoka vipande viwili. Mabunge mengi yangenufaika na kanuni hiyo. Windows 98 nayo haiioni printa ya mtandaoni ambayo jina lake limezidi herufi 12, hivyo “Printa ya Mkurugenzi Ghorofa ya Pili” inashuka kuwa LEZA2, na cheo kinaachwa mlangoni. Maandishi ghafi yakitoka Unix, huteremka kuelekea kulia kama ngazi mpaka yanatoka nje ya karatasi, kwa sababu Unix hufunga mstari kwa alama moja ya kushuka, ilhali printa inangoja na ya pili, ya kurudi kushoto.

Mpinzani atasema siku hizi printa zina Wi-Fi, mtu anabonyeza simu na kazi imekwisha. Ni kweli, na ndiyo maana huchapishwa hata barua pepe ya mstari mmoja pamoja na onyo la usiri la ukurasa mzima chini yake. Mtumiaji wa mashine kongwe, akijua kwamba kurasa mbili zitadai kuamsha seva, kuiunganisha upya LPT1 kwa amri ya NET USE na kumbembeleza fundi, hujiuliza kwanza kama karatasi anaihitaji. Misitu haijapata mtetezi mwaminifu kuliko huyo. Na anayeshauri kompyuta itupwe aangalie kwanza imeunganishwa na nini. Mara nyingi inaendesha kipimo cha maabara au mashine ya kukata chuma ambayo programu yake haikuandikwa upya kamwe; bei ya kuibadilisha ni bei ya mtambo wote uliofungwa nyuma yake.

Pingamizi la usalama ni zito zaidi. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kupitia kasoro ya SMB1, itifaki ile ile ambayo Windows za kale huitegemea. Samba 4.11, iliyotoka mwaka 2019, imeizima isipowashwa kwa makusudi, na anayetaka kuikaribisha Windows 98 hana budi kuandika kwa mkono wake server min protocol = NT1. Mlango huo ni wa hatari, nami siupaki rangi. Lakini hatari iliyoandikwa wazi kwenye faili la mipangilio huzaa adabu: fundi mwenye akili huzitenga mashine hizo kwenye mtandao wao, mbali na intaneti, na seva inayozihudumia haipewi kazi nyingine. Usasa hautoi adabu hiyo. Mwaka 2021 ilipofichuliwa PrintNightmare, kasoro katika huduma ya foleni ya uchapishaji ya Windows, Windows za kisasa kabisa zilikuwa hatarini, na wasimamizi wakashauriwa kuizima huduma hiyo kwenye seva zisizoihitaji. Wengi walikuwa wameiacha ikifanya kazi kwenye seva ambazo hazikuwahi kuchapisha hata ukurasa mmoja.

Kwa hiyo anayetaka kuing'oa foleni hii aanze kwa kurudisha alichokopa kwake. Arudishe Ethernet, arudishe programu huria, arudishe na ile nidhamu ya kutaja majina mafupi na kujiuliza kabla ya kubonyeza. Kitakachobaki mezani kwake baada ya hapo, akichapishe.