Barua ya wazi kwa wenye funguo za Machu Picchu

Kwa:
Waheshimiwa wote wenye funguo za Machu Picchu,
Cusco na Lima,
PERU.

YAH: PONGEZI KWA KUUGEUZA MJI MZIMA KUWA CHUMBA CHA KUSUBIRIA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni raia wa Tanzania, mtu mzima, mwenye akili timamu hadi nilipoanza kupanga safari ya kuja kwenu. Nilikusudia kumwandikia mkuu mmoja, nikamkosa. Kila nilipouliza mlima uko chini ya nani, nilitajiwa Wizara ya Utamaduni, ambayo ina magofu. Idara ya hifadhi, ambayo ina msitu unaoyazunguka. Serikali ya mkoa wa Cusco. Halmashauri ya Urubamba. Na halmashauri ya mji wenyewe. Wahenga wa pwani yetu walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hawakubahatika kufika kwenu. Wangejifunza kwamba manahodha wakizidi, chombo hakiendi kabisa, na abiria hulipia muda wa kusubiri.

Naanza na mji wenu wa Aguas Calientes, ambao nyaraka za serikali zinauita Machu Picchu Pueblo. Uko mita 2,040 hivi juu ya usawa wa bahari, umebanwa korongoni kati ya mto Vilcanota na kuta za milima, na hauna barabara ya kutoka nje. Mgeni huingia kwa treni, au hutembea kando ya reli kama kilomita 10 kutokea kituo cha umeme wa maji. Magari utakayoyaona ni mabasi ya kupandisha watalii magofuni. Saruji, bia, magodoro na mitungi ya gesi huja kwa reli, kisha hupandishwa vichochoroni kwa mikokoteni na kwa migongo ya watu. Mji umejengwa kwa jasho la wapagazi ili mgeni apate mahali pa kulalamikia udhaifu wa intaneti.

Nawapongeza kwa reli. Kutoka Ollantaytambo hadi hapo ni kilomita 43 hivi, mwendo wa saa moja na nusu au zaidi kidogo, na nauli ya mgeni kwenda na kurudi hupita dola 100 bila kutoa jasho. Kwetu, treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, zaidi ya kilomita 400, ilianza kazi mwaka 2024 kwa shilingi 31,000 daraja la kawaida, yaani kama dola 12, na bado tulinung'unika. Tusameheni. Hatukujua kwamba reli inaweza kuuzwa kwa uzuri wa dirisha. Ninyi mmeweka na vioo vya darini ili abiria autazame mlima huku pochi yake ikitazamwa na wengine.

Ipo pia treni ya wenyeji, yenye nauli nafuu, ambayo mgeni haruhusiwi kuipanda. Hilo silipingi. Mwalimu wa shule na mama mwenye gunia la viazi hawawezi kushindania kiti na mstaafu wa Toronto. Naheshimu pia viingilio vyenu: soli 152 kwa mgeni, soli 64 kwa Mperu na kwa ndugu zake wa Bolivia, Kolombia na Ekwado. Kwenye hifadhi zetu mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji vilevile, nami siku zote niliutetea utaratibu huo kwa sauti kubwa barazani. Basi mbele ya dirisha lenu la tiketi nikawa mzungu kwa mara ya kwanza maishani. Nikajaribu kueleza kwamba nami natoka nchi ya mlima, wapagazi na deni la taifa. Wakaniambia Jumuiya ya Afrika Mashariki haimo kwenye orodha.

Mpangilio wa kituo cha treni nao unastahili nishani. Ukishuka, njia ya kutokea inapita katikati ya soko la vinyago na masweta ya alpaka, kwa hiyo hata asiyetaka kununua hukaguliwa na bidhaa kabla hajaingia mjini. Mbele yake wapo wapiga debe wa migahawa, ambao wangepata kazi siku hiyohiyo katika stendi yoyote ya Tanzania: mmoja na menyu, wa pili na ofa ya glasi nne kwa bei ya moja, wa tatu akikukumbusha kwamba miguu yako inahitaji masaji. Siwalaumu. Mgeni hulala usiku mmoja, hupanda alfajiri, hushuka mchana, huondoka na treni ya jioni. Mji uliopewa saa chache za kuishi kwa siku lazima upige kelele.

Sasa tiketi. Mwaka 2024 mliongeza idadi ya watu wanaoruhusiwa magofuni hadi 4,500 kwa siku, na 5,600 kwa siku maalumu. Watafiti hukadiria kwamba wakazi wa Machu Picchu enzi za Pachacuti, mfalme wa Inka wa karne ya 15, hawakuzidi 750 hivi. Kwa hiyo kila siku mnaingiza wakazi wa mji ule mara sita, halafu mnawagawa katika mizunguko mitatu yenye njia kumi, kila mtu na saa yake, na aliyepita jiwe harudi nyuma kulitazama tena. Tiketi 1,000 za siku huuzwa hapohapo mjini, kwa ajili ya kesho yake, na ili upate moja unapanga foleni ya kupata namba ya kupangia foleni. Aliyebuni hilo alisomea wapi? Tungependa kumpeleka mtu wetu huko, ingawa nahisi tunao waliofuzu tayari.

Mwenye tiketi bado hajafika. Kutoka mjini hadi langoni kuna barabara yenye kona 13, iliyofunguliwa mwaka 1948 na kupewa jina la Hiram Bingham, aliyetangazwa kuwa mgunduzi wa magofu, naye akiwepo. Basi ni dola 24 kwenda na kurudi kwa safari ya nusu saa. Asiyetaka ana ngazi za mawe, nazo ni bure, isipokuwa magoti.

Waheshimiwa, hapa naomba tuzungumzie choo.

Ndani ya magofu hakuna choo. Kipo nje ya lango, kwa soli 2, na ukishatoka huruhusiwi kurudi ndani kwa tiketi hiyohiyo. Mtu aliyevuka bahari mbili huombwa achague kati ya ustaarabu wa Inka na kibofu chake. Januari 2020 watalii kadhaa walikamatwa baada ya sehemu ya Hekalu la Jua kuharibiwa na kinyesi kukutwa humo. Ni aibu yao, na adhabu iliwastahili. Lakini mji wa Pachacuti una chemchemi 16 zilizochongwa kwa mawe na zaidi ya mitaro 100 ya kutolea maji, na ndiyo maana umesimama miaka 600 hivi kwenye mteremko unaonyeshewa mvua kubwa kila msimu. Mafundi wasio na chuma wala gurudumu walimaliza suala la maji kabla hawajapanga jiwe la juu. Ninyi mna wizara, na mmemaliza suala la risiti.

Nikiwa kwenye foleni ya choo nilikumbuka historia. Tarehe 24 Julai 1911 Bingham, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alipandishwa mlimani na mkulima aitwaye Melchor Arteaga kwa malipo ya soli 1. Huko juu akazikuta familia za wakulima zikiishi na kulima kwenye matuta ya Inka, na mtoto wao ndiye aliyemtembeza. Akakuta pia jina la Agustín Lizárraga limeandikwa kwa mkaa ukutani, la mwaka 1902. Dunia ikatangaza kwamba Bingham amegundua. Barabara ikapewa jina lake. Arteaga alibaki na soli yake, ambayo leo isingemtosha kuingia chooni.

Kwa jambo moja nawapongeza bila kejeli. Vitu ambavyo Bingham alivipeleka Yale, maelfu kwa maelfu ya vipande, mlividai karibu miaka mia hadi vikarudi Cusco mwaka 2011 na 2012. Sisi bado tunaitembelea mifupa ya dinosaria wetu wa Tendaguru, Lindi, huko Berlin, na kiingilio tunalipa.

Huyo Bingham anajulikana kote. Mji wa chini ulikuwa na mtu wake, ambaye wageni wengi hawamsikii: Yokichi Nomura, Mjapani kutoka Fukushima aliyekuja Peru mwaka 1917 na kufanya kazi ya reli. Mwaka 1935 alijenga hoteli ya ghorofa tatu mahali palipokuwa kambi ya wajenzi wa reli, akawapa posta na polisi vyumba humo, na mwaka 1948 akawa meya. Mhamiaji mmoja alitoa nyumba yake iwe ofisi za umma. Leo ofisi za umma ni nyingi, na mwananchi hana pa kupeleka malalamiko.

Nimekosea, anapo. Kisanduku cha maoni cha mji ule ni reli. Januari 2024 serikali ilipoikabidhi kampuni binafsi kazi ya kuuza tiketi mtandaoni, wakazi walikaa relini, treni zikasimama kwa siku kadhaa, na mkataba ule ukavunjwa. Septemba 2025 mkataba wa miaka 30 wa kampuni ya mabasi ulipofika mwisho na ugomvi wa nani achukue kona 13 ukapamba moto, reli ikafungwa tena. Watalii wapatao 1,400 wakaondolewa na mamia wengine wakakwama. Watu wamejifunza somo mliloliandika wenyewe: mahali penye mlango mmoja, anayesikilizwa ni anayeukalia mlango. Ninyi mnaukalia kwa mikataba, wao kwa matako. Msiwaite wahuni. Ni wanafunzi wenu bora.

Mto nao hutoa maoni yake. Januari 2010 mafuriko yalikata reli na watalii wapatao 4,000 wakaondolewa kwa helikopta. Magofu yalifunguliwa tena tarehe 1 Aprili. Baada ya hapo mliruhusu mji uendelee kujengwa, na hoteli ziko palepale ukingoni, zikitangaza kwamba usiku utasikia mto. Hilo si uongo. Sasa mnajenga uwanja wa ndege wa kimataifa Chinchero, ili mamilioni wengine wafike haraka zaidi kwenye foleni ileile, treni ileile, korongo lilelile. Wanahistoria na waakiolojia waliowapinga mwaka 2019 hawakuwaelewa. Walidhani tatizo la mlango mwembamba huongezeka ukileta watu wengi zaidi.

Na kama mtauliza mgeni huyu kutoka Afrika anapata wapi ujasiri, jibu ni kwamba naijua ladha ya mambo haya. Ninatoka nchi ambayo msafara wa magari hupita Mto wa Mbu ukielekea Ngorongoro, na muuza ndizi huona vioo vimepandishwa. Marangu imepokea wapanda Kilimanjaro tangu enzi za Wajerumani, na wapagazi wetu, wale tunaowaita wagumu, bado wanadai ujira uliokwisha kutangazwa. Mwaka 2019 serikali yetu ikazungumzia magari ya kebo ya kupandisha watalii mlimani, na wagumu wakauliza swali ambalo watu wa Aguas Calientes wanalijua jibu lake: nani atakaa kwenye kibanda cha tiketi?

Kwa hiyo nawaomba, kwa heshima na taadhima:

Mosi, kila mwezi bandikeni kwenye ukuta wa uwanja wa Aguas Calientes, karibu na sanamu ya Pachacuti, jumla ya fedha za treni, mabasi na viingilio, na kando yake kiasi kilichobaki mjini. Kwa Kihispania na kwa Kikechua. Hakuna haja ya Kiingereza; sisi tunajua tulicholipa.

Pili, mgeni aruhusiwe kutoka kwenda haja na kurudi kwa tiketi yake. Mkiogopa ulanguzi, pigeni muhuri mkononi. Hata kumbi za dansi za Dar hufanya hivyo.

Tatu, kaeni meza moja, ninyi wote watano, na mwakilishi wa mji awe na kura. Watu wasilazimike kukaa relini ili wakaribishwe kwenye kiti.

Nne, hesabuni watu kwa uwezo wa mji wa chini, wenye mto, taka na wagonjwa, kabla ya kuhesabu kwa uwezo wa magofu. Hadi hesabu hiyo itakapokamilika, Chinchero isubiri. Nyie ni mabingwa wa kusubirisha. Haitakuwa kazi ngumu.

Magofu ni mazuri kuliko picha zake. Ndiyo sababu mnaweza kututendea haya yote, na ndiyo sababu hamna haki ya kututendea.

Wenu katika foleni,
Mgeni wa Bei ya Juu

Nakala kwa: Wote wanaoota magari ya kebo Kilimanjaro. Tafadhali someni kabla ya kuagiza nyaya.