Kanuni ya Kibarua Kuota Nyasi: Mhadhara wa Profesa wa Kibanda Umiza

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa wadau wa kandanda, na nyie mliokuja kukimbia jua, karibuni shule.

Kwanza mnitambue. Nimesomea ukocha miaka 22 kibanda umiza, benchi la mbele, kiingilio changu mwenyewe. Leo natangaza ugunduzi: mchezaji mstaafu akigeuka kocha, ukubwa wake hupimwa kwa kasi ya kuondoka. Akiwahi kuondoka, jua huyo ni gwiji.

Ushahidi. Paul Gascoigne, fundi wa England ya Kombe la Dunia 1990, alikabidhiwa Kettering Town ya daraja la sita mwaka 2005. Siku 39, kibarua kikaota nyasi. Februari 2019, Paul Scholes, mwenye mataji 11 ya ligi na Manchester United, akatua Oldham Athletic, klabu aliyoishabikia tangu utotoni. Akaanza kwa kuichapa Yeovil 4-1. Mwingine angebweteka! Yeye, mechi 7 na siku 31, akabwaga manyanga bila kuonja ushindi mwingine. Siku 8 pungufu ya Gascoigne. Sayansi inasonga.

Wenye wivu husema gwiji hawezi kufundisha asichokumbuka kujifunza. Kijana wa daraja la nne akiuliza pasi ya mita 40 inapigwaje, gwiji humjibu, “Unaipiga.” Eti tena straika wa mkopo anarudi kwao Januari na kasha la klabu halina kitu. Visingizio! Mwalimu bora hukuachia swali.

Edgar Davids, bingwa wa Ulaya na Ajax 1995, alinikosesha usingizi. Alifika Barnet Oktoba 2012 akiwa kocha mchezaji, timu ikashuka daraja msimu huohuo, naye akabaki! Nikadhani kanuni imekufa. Kumbe msimu uliofuata alijivika jezi namba 1, ya makipa, kisha akalambwa kadi nyekundu 3 katika mechi zake 8 za mwanzo. Mmeona? Aliposhindwa kuondoka klabuni, aliondoka uwanjani. Januari 2014 akahitimu.

Sol Campbell, nyota mwingine mstaafu, simtaji. Aliichukua Macclesfield Town Novemba 2018 ikiburuza mkia wa daraja la nne, akainusuru siku ya mwisho ya msimu. Kijana mzima, kuvuruga utafiti wa wazee!

Sasa yule mwenye kofia pale nyuma anauliza kama Profesa mwenyewe amewahi kufundisha. Ndiyo, timu ya mtaani kwetu. Tulikwenda mapumziko tumefungwa 6-0. Kipindi cha pili nilikitazama kutoka juu ya mwembe, nilikokimbizwa na wazazi wa wachezaji.

Dakika 45, ndugu mwenyekiti. Huyo Scholes na siku zake 31 alikuwa anasubiri nini?