Ng'ombe wa Miguu Minne

Fungua daftari la Kiingereza la mtoto wa shule ya msingi na aghalabu utamkuta ng'ombe. Ana miguu minne (hakuna anayefuga wa mitano), ana mkia mmoja na anatupa maziwa. Sentensi hazina kosa, vema nyekundu zimejaa pembeni. Fungua la mwenzake: ng'ombe yule yule, mkia ule ule, maana wote wameshushwa kutoka ubaoni. Sasa tuseme mwenye daftari hilo ni mtoto wa Mabogini, kusini ya mji wa Moshi, kwenye mashamba ya mpunga ya skimu iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Anajua zamu ya maji ya kwao ni usiku wa lini, anajua nani kafungua mfereji isivyo zamu yake na matusi yaliyofuata. Habari zote hizo anaziacha mlangoni, anaingia darasani kuhesabu miguu.

Nadai kwamba mtoto huyo hafundishwi kuandika, anafundishwa mwandiko. Mchukue mwingine aliyethubutu: "My mother he is chasing birds." Kiswahili hakimdai jinsia, kwa hiyo mama amekuwa mwanamume kwa sentensi nzima, na bado ndege wamefukuzwa. Hapo tuna mtu, kazi na kelele shambani. Mwandishi wake ametafuta neno, akalipanga, akakosea mahali pamoja panaporekebishika. Mnakili wa ng'ombe hajakosea kwa sababu hajasema lolote.

Wapo watakaosema kosa likiachwa litaota mizizi. Kweli, lakini ukurasa uliochinjwa wote kwa kalamu nyekundu humfundisha mtoto hesabu badala ya sarufi: andika machache, ukosee machache. Mwalimu asahihishe aina moja ya kosa kwa wiki, wiki hii mama arudishiwe uanamke wake, nyakati za vitenzi zingoje. Kuhusu darasa kufurika, nakubali, hakuna binadamu wa kusahihisha insha za umati ule kila siku. Lakini sentensi tatu zinawezekana, zikianza kwa kusimuliwa kwa Kiswahili, maneno magumu yakapandishwa ubaoni, kisha watoto wakasomeana wawili wawili. Pingamizi zito ni la mzazi: mtihani wa darasa la saba kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua jibu na kusiliba, insha ya nini? Jibu lipo kidato cha kwanza, ambako karibu masomo yote yanageuka Kiingereza kwa mpigo. Mtoto aliyeotesha mpunga kitaluni, akaupandikiza na kuuamia ndege mpaka mavuno, anatakiwa aeleze kwa sentensi zake mwenyewe jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, na chini ya swali hakuna A wala B ya kubahatisha.