Miguu ya Dada na Vespa ya Ami

Nyumbani kwetu Jang'ombe hakinunuliwi kitu chenye magurudumu bila kikao. Hata toroli la kubebea madumu ya maji lilijadiliwa kutwa nzima. Kwa hiyo dada aliposema, Ramadhani ikiwa changa na sinia la futari liko katikati, kwamba anataka skuta ya kuendea kazini, sote tulijua kuwa tambi zitapoa.

Dada anasomesha skuli moja ya sekondari huko Tunguu, zaidi ya kilomita 10 kutoka kwetu. Njia yenyewe haina ujanja: unakwenda Mwanakwerekwe, unasubiri daladala, inakuja imejaa, unasubiri nyingine. Miezi mingine mtu huvumilia. Lakini alasiri ya Ramadhani, kila mtu anakimbilia kwao na kondakta anajifanya hakuoni, dada alikuwa akiingia ndani muadhini ameshashuka zamani. Pesa alikuwa nazo. Zamu yake ya upatu ilikuwa imefika. Alichopungukiwa ni kitu kimoja tu: hajapata kuendesha chombo cha moto maishani mwake.

Nilidhani Bi Mkubwa, mama yetu, atakataa. Wapi! Mjini kwetu mwanamke juu ya skuta, buibui linapepea, si habari ya kumtoa mtu barazani. Bi Mkubwa alikuwa ameshafika mbele zaidi.

"Kiti kiwe kirefu," alisema. "Arusi zote za Mfunguo Mosi nitakwendea nini?"

Kitindamimba wetu naye akatoa shauri lake: pikipiki ya tangi, 150 cc, kama za bodaboda, kwa sababu "haichoki". Hakueleza itakuwa haichoki mikononi mwa nani, ila kila mtu alielewa kwamba Tunguu si safari pekee aliyokuwa akiifikiria.

"Na tangi hilo mwenzio atalivuka vipi na buibui?" Bi Mkubwa akamuuliza. "Au kaajiriwa sarakasi?"

Hapo ndipo Ami, mdogo wake marehemu baba, alipofuta mikono, akakohoa, akasogeza mto. Tulijua kinachokuja. Ami ana Vespa.

Ni PX 150, imepigwa rangi ya kijani juu ya rangi ya buluu juu ya rangi asiyoikumbuka mtu, na kwa muda mrefu ilikuwa imelala chini ya turubai ubavuni mwa nyumba yake Kikwajuni. Ami huisimulia kama watu wanavyosimulia nasaba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, alianza, kiwanda cha Piaggio kule Pontedera, Italia, kilichokuwa kikiunda ndege, kimepigwa mabomu, na watu hawana cha kupanda. Akaitwa mhandisi wa ndege, Corradino D'Ascanio, mtu ambaye pikipiki hakuzipenda hata kuziona. Mwaka 1946 Vespa ya kwanza ikatoka, injini yake 98 cc. Kwa kuwa mtu yule alizichukia pikipiki, ndiyo maana akayaondoa yote yanayochukiza: mnyororo wa kurusha grisi hakuna, injini imefichwa chini ya bati, mbele pana ngao ya kuzuia tope, katikati pako wazi mtu anapitisha mguu bila kuuinua juu. Gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja tu, mtindo alioutoa kwenye ndege, ili ukipata pancha ufungue nati, utie spea, ushike njia.

"Mtaliana huyo," Ami akamaliza, "ni kama alimjua mwalimu wa Tunguu. Nami kwa mtoto wa kaka yangu sitapandisha bei."

Mimi wa kati, ambaye kazi yangu katika vikao hivi ni kumimina chai, nilimsikiliza nikaona anasema kweli tupu. Tatizo lilikuwa katika aliyoyaruka. Gia za PX ziko mkono wa kushoto: unakamata klachi kisha unazungusha mkono huohuo, na ukikosea unajikuta baina ya gia mbili, huna hata moja. Breki ya nyuma iko chini ya mguu wa kulia. Injini yote imekaa upande wa kulia, kwa hiyo chombo kina upande wake kinachoupenda. Tairi ni za inchi 10, na shimo ambalo gari halilioni wewe unalishuka na kulipanda. Tena petroli lazima uichanganye na oili, mililita 20 kwa kila lita, na ukisahau siku moja injini haikusamehe. Aliyezoea hayo hayafikirii tena. Mtu anayeanza ana barabara ya kuitazama, na hiyo peke yake inamtosha.

Lakini nani atamwambia Ami? Ikakubaliwa ailete dada aijaribu.

Aliileta Jumamosi ya kumi la mwisho, inasukumwa na vijana wawili, wakaipitisha mlango wa uani. Siku hiyo Bi Mkubwa alikuwa amechoma visheti vya sikukuu, vimetandazwa kwenye sinia juu ya kigoda vipoe. Kamba ya nguo imejaa shuka na kanga. Dada akapanda. Vidole vya miguu vikagusa chini, visigino havikugusa.

"Utarefuka," Ami akamwambia mwanamke wa miaka thelathini na ushei. "Shuka nikuoneshe."

Akapanda mwenyewe. Magoti yalimlalamikia lakini hakuyajibu. Akafungua mafuta, akavuta choki, akapiga kiki. Vespa ikakohoa. Akapiga tena, ikawaka, na moshi wa buluu ukaingia jikoni kama mgeni asiyebisha hodi. Bi Mkubwa akatoka na mwiko. Ami akakamata klachi, akazungusha gia ya kwanza, akapiga resi kidogo kumwonesha dada mlio unaotakiwa.

Waya wa klachi ulikuwa umeliwa na kutu. Pwani yetu hewa ina chumvi, na chombo kilicholala hakilali peke yake. Ukakatika palepale, mkono wa klachi ukalegea kiganjani mwa Ami, na Vespa, gia ikiwa ndani na resi iko juu, ikaondoka. Ilipita kamba ya nguo na kuichukua. Ilipita kigoda. Ikaingia banda la kuku kwa mlango ambao haukuwepo, ikazimika humo. Pakawa kimya, kisha kuku wakaanza kueleza wote kwa pamoja.

Ami hakuumia, tunamshukuru Mungu. Alikuwa bado amekaa kitini, kanga ya Bi Mkubwa imemfunika kichwa chote mpaka mabegani.

"Umeona?" akasema kutoka ndani ya kanga. "Klachi haiachiwi hivyo."

Aliyekuja kuitoa Vespa bandani ni fundi wa skuta wa mtaani kwetu, mtu wa maneno machache, jambo ambalo nyumbani kwetu humfanya aonekane mgonjwa. Alitazama banda, akatazama visheti, asiulize chochote. Swali lake lilikuwa jengine: "Ataendesha nani?" Dada akainua mkono kama mwanafunzi wake. Fundi akamwambia aje gereji baada ya sikukuu, avae viatu anavyovaa kazini.

Nilimfuata dada, maana kikao lazima kiwe na shahidi. Fundi hakusema lolote la nguvu za injini. Alimkalisha dada kwenye skuta moja baada ya nyingine na kutazama visigino. Kisha akamtaka aitoe kwenye stendi kubwa bila msaada, aisukume nyuma, mbele, aizungushe, airudishe. Kurudisha ndiko kulikomtoa jasho, mpaka fundi alipomwonesha kuwa stendi hukanyagwa kwa uzito wa mwili wote na mikono huongoza tu. Mwisho akamwambia afikishe vidole kwenye breki bila kunyoosha bega. Naona hiyo ndiyo hekima yote ya kununua skuta ya kwanza, na haikuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Sisi tulikuwa tumeteketeza nusu ya Ramadhani.

Palikuwa na ndogo ya Kijapani ya 50 cc, nyepesi, visigino vinakaa chini raha mustarehe, na dada macho yakamng'ara. Fundi akatikisa kichwa. Kwao Japani chombo hicho hakiruhusiwi kubeba abiria, na sheria inakiwekea mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Ni cha kwenda dukani. Njia ya Tunguu ina malori ya mchanga, na lori la mchanga halina subira na mtu wa kilomita 30. Dada bado alisitasita, hadi tuliporudi nyumbani Bi Mkubwa akaimaliza kesi kwa swali: "Na mimi nitakaa wapi?"

Ikanunuliwa ya Kihindi, otomatiki, 110 cc. Haina klachi wala gia. Kiti kiko chini kuliko cha PX. Tairi ya mbele inchi 12. Breki ya kushoto inashika magurudumu yote mawili kwa pamoja, ili anayetaharuki asishike la mbele peke yake na kwenda chini. Uzito wake unapita kilo 100 kidogo, sawa tu na ya Ami, lakini umekaa chini na katikati. Kisha pesa iliyobaki ikaenda kwenye helmeti, na hapo fundi alizungumza hata nikashangaa: ijaribiwe na ushungi kichwani, maana anayeinunua kichwa wazi ataiona ndogo kesho yake, na aliyejifunga kitambaa cha kuteleza helmeti itamzunguka usoni. Pindo za buibui zikaliwe, zisiachwe kuning'inia karibu na gurudumu la nyuma.

Siku ilipoingia nyumbani, Ami alikuwa wa kwanza kuikagua. Akabonyeza swichi ya kuwashia. Kimya. Akabonyeza tena.

"Nilisema. Imekufa."

Dada akaminya breki, akabonyeza, ikawaka. Otomatiki haiwaki mpaka breki imeshikwa. Imetengenezwa hivyo ili isiondoke na mtu. Ami akasema chombo kinachokuwekea masharti si chombo.

Lakini hata masharti yana mipaka. Jioni ile kitindamimba alijitolea kuisogeza, injini haijazimwa, akaikokota huku mkono wa kulia umeshika palepale pa resi. Skuta ikamtangulia, yeye akazidi kukamata ili isimponyoke, na kadiri anavyokamata ndivyo inavyokwenda. Baraza la jirani ndilo lililowaamua. Madigadi ya mbele ilipasuka, na tangu siku hiyo dada ana amri moja: anayetaka kuisukuma aizime kwanza.

Mazoezi alifanya kiwanja cha mpira baada ya sala ya alfajiri, fundi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Pole pole, pole pole zaidi, simama, zunguka. Mchanga ukiwa juu ya lami, usishike breki ukiwa umelala. Mvua ikianza tu, subiri ioshe barabara. Alipata leseni, akaanza kwenda Tunguu, na sasa anafika nyumbani nguo bado zimenyooka.

Likabaki la arusi. Dada akasema habebi mtu mpaka azoee, kwa kuwa abiria hubadilisha mizani yote ya chombo.

"Mimi nilikubeba miezi tisa," Bi Mkubwa akasema, "na sikuwa nimezoea."

"Na mimi nitakubeba, Bi Mkubwa. Ngoja mwezi mwengine."

"Arusi haingoji mwezi mwengine!"

Ami, aliyekuwa barazani akisubiri nafasi kama hiyo, akasimama. "Ya kwangu iko tayari, shemegi. Nimetia waya mpya. Twende!"

Bi Mkubwa akalitazama banda la kuku, lililotiwa mbao mpya upande mmoja. Akajitanda buibui lake, akachukua zawadi ya bibi arusi, akaenda zake kusubiri daladala.